Waya Anaujua, na Bado Anaugonga

(Haya ni maongezi ya Nane Nane, viwanja vya Ipuli hapa Tabora, mbele ya wakulima, maafisa ugani na watendaji wa vijiji. Mlioomba niyaandike ndo haya, nimeyaacha kama nilivyoongea, na maswali yenu humo humo.)

Mwangaluka. Shikamooni wazee, vijana mambo vipi. Naona wa Igunga wamejaa mbele na wa Kigoma wamejibana kivulini kule nyuma, sogeeni jamani huku hakuna anayeuma.

Nimeambiwa niongelee ajali za ndege za kupulizia dawa. Najua kuna mtu hapa anajiuliza hii inanihusu nini, tumbaku yangu Urambo napuliza kwa bomba la mgongoni, ndege ya dawa naisikia tu redioni. Sawa. Ila waulize wa Igunga wanaolima mpunga Mwanzugi kama hawaijui ndege ya kwelea kwelea, na waulize wa Uvinza wanaokaa na bonde la Malagarasi. Malagarasi, Wembere, bonde la Rukwa na kule Iku-Katavi ni mazalia ya nzige wekundu, hawa hawatoki mbali wanazaliwa hapa hapa kwetu, ndo maana kuna shirika zima la kikanda la nzige wekundu, makao yake Ndola, Zambia, na sisi tumo. Mwaka 2009 nzige walichachamaa Malagarasi, Rukwa na Iku-Katavi kwa mpigo, wakapuliziwa kutoka angani, sehemu kubwa kwa dawa ya kibiolojia ya kuvu, yani fangasi wanaoua nzige, kama hekta 10,000 kwa jumla. Kwa hiyo ndege hizi zinakuja kwetu, haziji kila mwaka, na kwa vile haziji kila mwaka ndo tunasahau jinsi ya kuzipokea.

Na ukitaja ajali ya ndege Tanzania leo kila mtu anawaza Bukoba, 6 Novemba 2022, watu 19 tukawapoteza ziwani. Hiyo ni ndege ya abiria, ina marubani wawili, ina kiwanja, ina mtu wa kuongea naye redioni. Ndege ya dawa ni mtu mmoja peke yake ndani ya kile kikopo, hana msaidizi, hana wa kumuuliza, na kazi yake yote iko kimo ambacho rubani wa abiria akijikuta hapo na hakuna kiwanja mbele yake anaanza kusali.

Kitu cha kwanza nataka tukiondoe ni hii habari kwamba wale jamaa wanaringa. Nimekaa nao viwanjani kwenye upakiaji wa dawa, na kila mahali wanakijiji wanasema hivyo hivyo, yule anatuonyesha ufundi ona anavyopita chini. Hapana. Akipuliza shamba anatakiwa awe mita tatu nne juu ya mazao kwa sababu akipanda zaidi dawa inachukuliwa na upepo inaenda kwenye kisima chako. Kwa nzige na kwelea anapanda kidogo zaidi, matone yenyewe ni madogo mno, kwa nzige inaweza kuwa lita moja au pungufu kwa hekta nzima, lakini bado ni chini, bado yuko usawa wa miti na nguzo. Sasa weka spidi. Tuseme kilomita 220 kwa saa. Hiyo ni mita 61 kwa sekunde moja. Yani ukisema "waya" hujamaliza neno lenyewe keshavuka umbali wa nguzo moja hadi nyingine.

Waya ndo habari yangu ya leo, mengine nitayapitia.

Waya hauonekani. Simama barabarani hapa Ipuli saa tisa mchana utazame laini ya umeme dhidi ya anga lenye vumbi, utaona nguzo, waya utakuwa unaukisia tu kwa vile unajua lazima upo. Rubani mzoefu hatafuti waya, anatafuta nguzo, anaangalia vile vikombe juu ya nguzo vimeelekea wapi, anaangalia kama kuna nguzo yenye waya wa kuishikilia uliokwenda ardhini kwa mshazari maana hiyo inamwambia laini inakata kona pale au inaishia pale. Kabla hajafungua dawa anazunguka shamba zima akiwa juu, mara moja mara mbili, anachora. Kuna mmoja nilikuwa namwona ana kikaratasi amekibandika kwa plasta pajani, shamba limechorwa kwa kalamu ya bluu na nyaya kwa nyekundu, na kila akitua kujaza dawa anakitazama kile kikaratasi kabla hajapokea hata chupa ya maji. Tukawa tunamcheka. Kumbe mwenzetu anajua anachofanya.

Kwa sababu sikilizeni hii. Shirika la serikali ya Australia linalochunguza ajali za usafiri lilichukua ajali zote za ndege kugonga nyaya kuanzia 2001 hadi 2010, zilikuwa 180, na 100 kati ya hizo ni za ndege za kilimo. Wakauliza, hivi huyu rubani alikuwa anaujua huu waya? Mimi ningedhani wengi watasema hapana, waya mpya, hakuuona. Asilimia 63 walikuwa wanaujua. Wanajua upo, wameshauona, wengine wameupita siku hiyo hiyo, halafu wakaugonga.

Mama mmoja wa Igunga hapa mbele akanikatisha, "sasa mwanangu kama anaujua si apite juu tu?"

Mama swali lako ndo lenyewe. Anapita juu. Mara ya kwanza anapita juu, mara ya kumi anapita juu. Anaugonga pale kitu kinapobadilika. Amemaliza shamba, zimebaki pembe, na pembe zinapulizwa kwa kukatisha upande mwingine, sasa ile laini aliyokuwa anakwenda nayo sambamba inakuwa mbele yake. Au jua limeshuka linampiga usoni. Au GPS imegoma kidogo akainamisha macho kwenye kioo. Au, na hapa ndo nawataka watendaji wanisikie vizuri, amepigiwa redio kutoka chini, "rubani samahani kuna kipande cha mzee fulani hapo pembeni tulikisahau, kimalizie hicho hicho."

Kipande cha mzee fulani. Hakiko kwenye kikaratasi. Hajakizunguka. Dawa imebaki kidogo tangini, anaona si vizuri kurudi nayo, anainama kushoto anakwenda. Akili yake yote iko kwenye mpaka wa hicho kipande kipya, na ule waya alioupita asubuhi nzima umetoka kichwani kwa sekunde mbili, basi, sekunde mbili kwa mita 61 ni mita 122.

Ndo maana wenzetu wanaofundisha kazi hii wanasisitiza rubani kabla ya kumalizia pembe apande tena juu, azunguke upya kama vile ndo kwanza amefika, ukiona hivyo usiseme anapoteza mafuta. Na sisi wa chini kipande kilichosahaulika kinasubiri. Kinaandikwa, kinachorwa, anatua, anaonyeshwa, ndo anaondoka nacho. Mzee fulani atanuna, na akinuna mpeni kiti.

Halafu nyaya zenyewe zimeongezeka. Miaka ya nyuma rubani akija Wembere anga lilikuwa lake. Leo umeme wa REA umeingia vijijini, jambo la heri sana mimi mwenyewe nashangilia, lakini ramani aliyokuja nayo rubani inaweza isiwe na laini iliyovutwa kijijini kwako msimu huu. Laini kubwa kama ile ya kilovolti 132 ya kwenda Katavi haina shida sana, ni minara unaiona toka mbali na iko kwenye ramani. Zinazoua ni ndogo. Ule waya wa kwenda kwenye mashine ya kusaga. Ule wa pampu ya bustani. Na ule ambao tunaujua wote hapa, uliovutwa na kishoka usiku kwa miti ya mkaratusi kutoka kwa jirani, hauko kwenye ramani ya Tanesco wala ya mtu yeyote, na mwenye nao hausemi kwa sababu anaogopa kukatiwa. Mtendaji wewe unaujua. Sikwambii umshtaki mtu leo, nakwambia siku timu ya ndege inakuja waonyeshe.

Minara nayo. Kule California, Januari 2011, rubani wa ndege ya dawa aligonga mnara wa kupima upepo katikati ya mashamba akafa. Sheria ya kule ilikuwa inadai alama kwa mnara unaozidi futi 200, na ule ulikuwa chini ya hapo kidogo tu, kwa hiyo kisheria hauna kosa, haukupakwa rangi, hauna taa, ni bomba jembamba la kijivu limeshikiliwa na nyaya. Minara ya namna hiyo inaweza kusimamishwa kwa muda mfupi sana, unalala haupo, ukirudi shambani upo. Mimi hiyo habari ya "haukuvunja sheria" huwa inanikera.

Hapo mzee mmoja akanyoosha fimbo. Akasema, "Kijana unaongea vizuri, lakini ile mbuga ina wenyewe, hata gari linazima pale bila sababu." Watu wakacheka, wengine hawakucheka.

Mzee wangu shikamoo tena. Sikupingi, mimi ni mtoto wa hapa hapa. Ila nguzo nazo zina wenyewe, na ofisi yao iko mjini, tuanze na hao tunaoweza kuwapigia simu. Na hilo la injini kuzima mbugani kuna namna ya kulieleza, ngoja nilieleze kwa upande wa ndege.

Kiwanja chetu cha Tabora kiko karibu mita 1,180 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar. Sasa lete Oktoba saa nane mchana, joto nyuzi 32, hewa inazidi kutawanyika, injini na bawa vinajiona kama viko mita 2,000 na ushee. Bawa linashika kidogo, propela inavuta kidogo, injini inatoa nguvu pungufu. Ndege ile ile, rubani yule yule, mzigo ule ule uliopaa bila shida alfajiri, mchana unagoma. Na mzigo si wa mchezo. Chukua Air Tractor AT-802, tangi lake ni kama lita 3,000, ukilijaza maji umeweka karibu uzito wa ndege nyingine tupu juu ya ile ile. Aliyeko chini anaona ndege "imegoma bila sababu" inakwenda inakwenda kiwanja kinaisha haijanyanyuka. Sababu ipo, ni hewa. Kwa hiyo rubani akisema mchana huu nijazie nusu usimbishie eti jana ulibeba tangi zima. Jana ulikuwa asubuhi.

Ndege hizi zina mkono wa kumwaga, rubani akiona haipandi anauvuta na dawa yote inamwagika chini kwa sekunde chache. Nimewasikia watu wakilalamika, amemwaga dawa ya serikali. Dawa inanunulika.

Kona sasa, hili nalipita haraka ila mlijue. Kila mwisho wa mstari anapanda, anainama, anageuka, anarudi. Ndege ikilala nyuzi 60 kwenye kona, bawa linabeba mara mbili ya uzito wake, na spidi ya chini kabisa ambayo bado inaweza kuruka inapanda kwa asilimia 41. Akiwa na haraka, akabana kona ili awahi mstari, spidi ikashuka chini ya hapo, bawa linaachia. Marubani wanasema imestoli. Ikistoli mita 2,000 juu unashusha pua unaokota spidi unaendelea na maisha. Ikistoli mita 50 juu ya mpunga hakuna cha kuokota. Na nani kampa haraka? Mara nyingi ni sisi, tumekaa na saa mkononi tunahesabu hekta.

Kwelea kwelea ni shughuli yake peke yake. Ndege yule ana gramu ishirini hivi, anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, unaona si kitu, wakiwa milioni moja ni tani 10 kwa siku, na huwa hawaji milioni moja. Mchana wametawanyika mashambani huwezi kuwapata, unawapata jioni wakirudi kulala kwenye miiba au matete. Kwa hiyo rubani anafanya kazi jua linapozama. Giza linaingia, nguzo zinapotea, na mbele yake kuna wingu la ndege hai analolifukuzia makusudi. Rubani mwingine yeyote duniani anakwepa ndege hai, huyu analipwa awafuate. Wakigonga kioo haoni tena mbele, wakiingia kwenye njia ya hewa ya injini ndo shida nyingine hiyo. Halafu akimaliza arudi kwenye kiwanja kisicho na taa. Mkiona timu inasema leo tumechelewa turudi kesho, kwelea atakuwa amekula tani zake, sawa, lakini msimsukume.

Kuna uchovu pia. Wamarekani, ile bodi yao ya usalama wa usafiri, walipitia ajali 78 za ndege za kilimo za mwaka 2013 peke yake, ripoti ikatoka 2014, na moja ya vitu walivyovipigia kelele ni uchovu, vingine ni matengenezo mabovu, kutopima hatari kabla ya kazi na mitihani ya marubani isiyogusa kazi yenyewe. Uchovu kwetu unakuja hivi, upepo unatulia alfajiri na jioni, kwa hiyo rubani anaamka saa kumi usiku, anamaliza saa tatu, halafu anasubiri hadi saa kumi na moja jioni. Mchana alale. Wapi? Kwenye hema lenye joto la kupikia, watoto wa kijiji kizima wamezunguka ndege wanapiga kelele, mwenyekiti amekuja na wageni wapige picha. Mpeni chumba chenye kivuli na mumfungie.

Wa upakiaji nanyi nina neno. Wakati mwingine ndege inajazwa injini ikiwa inazunguka ili kuokoa muda. Propela ikizunguka haionekani, ni kama haipo. Unaingia kutoka nyuma ya bawa, unatoka kwa njia uliyoingilia, mpira wa dawa haupitishwi mbele hata siku moja, na kofia inayopeperuka hufukuzii. Glavu na miwani vaa hata kama jua linachoma, kwa sababu dawa nyingi za kwelea, kama fenthioni, zinapita kwenye ngozi. Zinakaza mboni ya jicho inakuwa ndogo kama kichwa cha pini, mate yanajaa, jasho, kichwa kinauma, kifua kinabana. Sasa fikiria mwenye mboni hiyo ndo rubani, jioni, anatafuta nguzo. Aliyelowa dawa anavua nguo anaoga kwa sabuni na maji mengi halafu zahanati, na lebo ya dawa inakwenda naye, daktari asianze kubahatisha.

Na ikitokea imeanguka? Ndege hizi zimetengenezwa zikijua zitaanguka. Mwaka 1950 Marekani mhandisi Fred Weick alichora ndege ya kilimo, Ag-1, tangi liko mbele na rubani amekaa juu nyuma yake, ili ikigonga pua na tangi ndo vipondeke kwanza. Za leo nyingi zimefuata mpango huo, nyingine zina visu vya kukata waya mbele ya kioo na kwenye miguu, na rubani anavaa helmeti. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa hai mle ndani, usiseme huyu keshakufa. Lakini mafuta yanavuja, dawa inavuja, na waya uliokatika unaweza kuwa na moto. Umeme ukatwe kwanza, piga simu Tanesco mwambie jina la kijiji, ndo mtu mwenye glavu asogee, akitokea upande upepo unakotoka. Hakuna kukinga mafuta. Morogoro tulizika watu zaidi ya 100 baada ya lori la mafuta kulipuka tarehe 10 Agosti 2019, nadhani sina haja ya kuendelea. Na vipande vya ndege haviendi nyumbani kuwa bati la banda la kuku, wachunguzi wanavihitaji vilipo.

Swali la mwisho lilitoka kwa kijana wa Kigoma, yule wa kivulini, ameshasogea. "Kaka, si tutumie droni tu, hakuna wa kufa?"

Naunga mkono kwa mazalia madogo ya kwelea, ekari chache kando ya skimu, droni ni safi kabisa, ikigonga waya umepoteza mashine, na mashine inauma mfukoni lakini haina wajane. Kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, uwe nacho, si kila mwenye droni ya harusi anaweza kubeba dawa. Ila rudi kwa nzige wa 2009. Hekta 10,000. Droni yako inabeba lita 20, hata ukipuliza lita moja kwa hekta ni safari 500, kila safari betri, na nzige hakusubiri uchaji, akishaota mabawa anahama. Ile ndege ya lita 3,000 inafanya hekta 3,000 kwa tangi moja.

Akasema basi atafute kazi ya kuchora kikaratasi. Nikamwambia aje baada ya chakula nimwonyeshe kinavyochorwa, kalamu nyekundu alete yake.